Cheti cha Kuunga Mifupa

Mwanangu Ramadhani,

Salamu tutapeana alfajiri uso kwa uso, kwa hiyo hapa naziruka. Naandika alasiri hii wakati wewe umekwenda kuaga kwa shangazi zako na baba yako amekwenda sokoni kutafuta chumvi. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Nimekwenda kuangalia chungu cha maharage ambacho hakikuhitaji kuangaliwa. Ukiona mwandiko umekaza hapa na kulegea pale, ujue ni wino mzito, na ni mimi pia.

Sitakuambia habari ya kujifunika usiku, wala ya kula kabla ya safari, wala ya kutokaa karibu na vichaka vya majini vyenye mbung'o. Hayo umeyasikia tangu ungali unatambaa, na ukiyasahau mwili wako utakukumbusha. Nataka kukuambia habari ya cheti.

Juzi tulipokuwa tunakula ulisema jambo, huku ukichambua miiba ya samaki wa mukeke. Ulisema kwamba kule kambi ya malale ya Usumbura unakokwenda kufanya kazi, vijana wa kupapasa shingo kutafuta uvimbe hawapapasi shingo tu. Wakifika kijijini wanauliza pia: nani anatibu hapa, ana ruhusa au hana? Maana Bwana Mganga, daktari wa Wadachi, anasema waganga wa mwambao ndio wanaowaficha wagonjwa wa malale mpaka usingizi unawamaliza. Baba yako akakuuliza, "Na wewe ukiulizwa habari ya Rumonge utajibu nini?" Ukasema, "Nitajua hukohuko." Hukuinua macho. Mimi nikainuka nikaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Wajua kwamba sina cheti. Rumonge nzima inajua. Ila hujui kilikuja vipi na kiliondoka vipi. Ulikuwa mdogo, ukasikia vipande, nami nikakuacha ukue na vipande hivyo. Sasa nakupa habari yote.

Kazi hii nilifundishwa na mama yangu, mwanamke wa milimani aliyeolewa na mtu wa Ujiji. Baba yangu alinifundisha herufi, mama akanifundisha mifupa. Alikuwa akinifunga kitambaa machoni na kunipa mbuzi aliyevunjika mguu, aniulize, "Umevunjika wapi? Umekatika mzima au umepasuka? Ncha zimepishana?" Nikikosea hakunigombeza. Alinirudisha mkono palepale, akauacha mpaka nijue. Enzi zile hakuna aliyeuliza ruhusa. Mtu alivunjika, akaletwa, ukamuunga, akapona, akaleta kuku au mkungu wa ndizi, au asilete kitu.

Kisha malale yakaja, na Wadachi wakaja na sheria zao. Mwambao ukafyekwa. Watu waliokuwa wakilala wanasikia mawimbi wakaambiwa wapande juu. Siku moja, sokoni, mpiga mbiu wa akida akasoma amri: kila anayetibu watu, kwa mizizi, kwa chuku ya kunyonya damu, kwa kisu au kwa mikono mitupu, aje mbele ya Bwana Mganga aulizwe kazi yake. Atakayefaa atapewa cheti. Asiyekuja na akaonekana anatibu atafungwa.

Wengi walijificha. Mimi nilikwenda. Nimewaambia watu miaka yote kwamba nilikwenda kwa sababu ni mtiifu, na si kweli. Nilikwenda kwa kiburi. Nilitaka mtu wa kutoka mbali aone mikono yangu.

Bwana Mganga yule wa kwanza alikuwa mtu mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa na mpagazi wake aliyeanguka na mzigo, mkono umevunjika chini ya kiwiko. Akaniashiria: haya. Nikaketi, nikaushika, nikafumba macho kama nilivyozoea. Nikauvuta, nikaulaza, nikafunga vijiti vya matete juu ya gome laini. Alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipomaliza akachutama, akabonyeza ukucha wa yule mpagazi mpaka ukawa mweupe, akaachia, akanionyesha damu inavyorudi. Kisha akafungua fundo langu moja na kulilegeza. Mama alinifundisha kugusa vidole kama vina joto. Hili la ukucha sikulijua. Nalifanya mpaka leo, na kila nikilifanya namkumbuka bila chuki.

Halafu akaandika. Mkalimani wake, mtu wa Bagamoyo aliyependa kusikika, akanisomea mbele ya watu.

"Bwana anasema utaunga mifupa tu. Tumbo, homa, macho na shingo si kazi yako."

"Nimesikia."

"Utafanya kazi toka mto Dama mpaka mto Murembwe. Nje ya mito hiyo huna ruhusa."

"Nimesikia."

"Na hutamtibu mtu usiyemwona. Hutatuma dawa wala maagizo kwa mtumbwi. Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Wabelgiji, Bwana hana amri huko, na hata upande huu hataki dawa zinazotembea zenyewe."

Hili la mwisho lilinichekesha moyoni. Nusu ya kazi yangu ilikuwa ya ng'ambo. Wavuvi wa Ubwari walikuwa wakivuka na samaki, wananieleza mgonjwa wao, nawakatia matete kwa kipimo, nawaonyesha namna ya kufunga, wanarudi nayo. Wengi walipona, au ndivyo nilivyoambiwa. Walioniambia ni wale waliorudi. Hilo sikulifikiria wakati ule. Nilikunja karatasi yangu nikarudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Haukupita msimu, akaja mvuvi mmoja wa Ubwari, jina lake Lukinda. Wewe ulikuwa unalala, una surua. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na haraka, lakini usidhani nausingizia ugonjwa wako. Hata bila surua ningefanya vilevile.

"Amahoro, mama," akasema. "Shemeji yangu Alimasi ameanguka ku muchikichi. Alikuwa anakata mikungu ya ngazi. Muguu imevunjika."

"Mguu gani?"

"Ya kuume."

"Mfupa umetoka nje?"

"Hapana. Iko imevimba tu, na analia sana."

"Alianguka vipi?"

"Kwa miguu. Alitua wima, kisha akaketi."

Nikajua. Yaani nikadhani najua. Wakwezi wa michikichi wanaotua wima huvunjika chini ya goti, nimewaunga wengi. Nikakata matete ya urefu wa muundi, nikampa gome na kamba, nikamfundisha kwa mguu wake mwenyewe: vuta hivi, laza hivi, funga hapa na hapa. Alikuwa mtu mwelewa. Alirudia yote bila kukosea. Alivuka na upepo wa jioni, nikarudi kwako.

Mwanangu, sisi tunasema mguu, na mguu ni kuanzia nyongani hadi unyayoni. Niliuliza mguu wa kulia au wa kushoto. Sikuuliza mahali. Alimasi alikuwa amevunjika paja, juu, karibu na nyonga. Wao wakafunga muundi ambao haukuwa na kitu, wakaufunga vizuri kabisa kama nilivyowafundisha, wakamlaza wakingoja nguvu ya yule mama wa Rumonge ifanye kazi. Paja likapona peke yake, ncha juu ya ncha, na mguu ukawa mfupi.

Nilikuja kuyajua haya kwa namna ambayo bado naiota. Ilikuwa siku ya gulio. Bwana Mganga alikuwa amepita kukagua shingo, ameketi kwenye kiti chake cha turubai karibu na wauza mawese. Mtu akashuka mtumbwini na fimbo, anachechemea, anatabasamu, na sauti yake kubwa: "Iko wapi yule mama aliyeniunga toka mbali? Nimemuletea mafuta."

Watu wakanyoosha vidole kunionyesha, kwa furaha. Mkalimani akasikia. Akainama, akamnong'oneza bwana wake.

Bwana Mganga hakupiga kelele. Akamlaza Alimasi juu ya jamvi la muuza nguo, akaiweka miguu yake sambamba, visigino vikiwa pamoja. Soko lote likaona visigino havikutani. Akaniita. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya paja la Alimasi. Nikafumba macho bila kutaka. Palikuwa na kilima cha mfupa mle ndani, kigumu kama jiwe la mafiga. Ningeugusa mguu ule siku aliyoanguka ningejua; hata mtoto wa miaka saba aliyefunzwa na mama yangu angejua ni paja.

Alimasi, maskini, alidhani nashtakiwa. Akaketi, akasema, "Mama hakukosa. Mimi natembea. Mwenzangu aliyeanguka mwaka ule mwingine hakutembea tena." Akanisukumia kibuyu chake cha mafuta.

Nikakipokea. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Bwana Mganga akamwambia mkalimani neno moja, na mkalimani akaniambia, "Lete karatasi yako." Nikaleta. Sikunyang'anywa. Akasema tu, "Bwana anataka lile la tatu lisomwe tena." Likasomwa, mbele ya watu wote wa gulio, na hakuna aliyecheka, hata mimi moyoni.

Nimetoka nje kidogo kabla ya kuendelea. Ziwa limetulia. Jirani ameniuliza kama nimefunga mizigo yako, nikamjibu ndiyo, nikarudi ndani nikakuta nimekwisha kuifunga kweli.

Baada ya siku ile niligeuka mtu wa karatasi. Nilikiweka cheti ndani ya mfuko wa ngozi, nikakivaa shingoni. Mtu akija, kabla sijamwuliza jina, namwuliza ametoka upande gani wa mto. Nilijiambia nimejifunza. Na kweli nilijifunza kitu, ila nilijifunza kitu kisichokuwa chenyewe. Kosa langu lilikuwa kutogusa. Mimi nikadhani kosa langu lilikuwa kuvunja amri, na haya mawili hayafanani, ingawa siku ile ya gulio yalikuja yamevaa nguo moja.

Akaja mtu kutoka Gitaza kwa miguu, vumbi mpaka nyusi. Mke wake, Kabura, ambaye kazi yake ni kuanika dagaa wa ndagala, alikuwa amevuta mtumbwi pamoja na wanaume na bega likachomoka. Safari hii niliuliza vizuri. Nilimwuliza umbo la bega, mkono unaning'inia vipi, anaweza kugusa bega la pili au hawezi. Alivyokuwa akijibu niliona kila kitu kana kwamba Kabura yuko mbele yangu. Bega la namna ile ukilikuta bado bichi ni kazi ya kuvuta mara moja, mgonjwa anapiga ukelele mmoja, kisha anacheka. Lakini likikaa linafunga mlango.

Nikamwambia, "Gitaza iko nje ya Dama."

Akanitazama. "Mama, Dama ni maji tu. Nimeyavuka sasa hivi."

"Mimi sina ruhusa kuyavuka. Mlete."

"Ana maumivu. Hawezi kutembea."

"Mlete kwa machela. Mlete kwa mtumbwi. Akiwa upande huu nitamuunga."

Baba yako alikuwa ameketi mlangoni anasuka kamba. Akasema taratibu, "Nenda, mama Ramadhani. Mimi nitakaa na mtoto." Nikaushika mfuko wangu wa ngozi shingoni. Yule mtu aliufuata mkono wangu kwa macho, akauona mfuko, akageuka akaenda zake.

Walimleta. Wakafika Dama, na pale kivukoni sasa kulikuwa na askari, aliyewekwa baada ya mumewe kupita peke yake, maana watu wa kaskazini hawapiti kusini mpaka shingo zao zipapaswe wasilete malale. Kijana wa kupapasa hakuwapo. Wengine walisema anaumwa, wengine walisema kaenda harusini, mimi sijui. Askari akasema ngojeni. Wakangoja siku nyingi. Kabura alilala chini ya jamvi upande wa pili wa mto ambao mimi ningeuvuka na maji yakanifika magotini. Sikuwa na habari kwamba wako pale. Nilikuwa nyumbani nikisema, mbona hawaji, labda limerudi lenyewe.

Walipofika nilijaribu. Nililivuta kwa kisigino kwapani kama mama alivyonifundisha, nikalivuta kwa mzigo wa mawe, nikalivuta baba yako akinisaidia. Kabura alilia mpaka sauti ikakauka. Mwisho akaniambia kwa Kirundi, kwa upole, "Niacheni, mama, mmefanya mliyoweza." Mume wake alipomsaidia kusimama aliniambia neno moja tu: "Ungekuja."

Ukipita Gitaza utamwona. Ni yule anayetandaza ndagala kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unafika kifuani na hapo unakoma.

Basi, Ramadhani, hesabu hiyo siwezi kuifunga. Nilivunja amri, mtu akawa kiwete. Nikaishika amri, mtu akapoteza mkono. Ukiniambia amri ni mbaya, nitakuonyesha Alimasi. Ukiniambia ni nzuri, nitakuonyesha Kabura. Nimekaa na watu hawa wawili miaka hii yote, mmoja kila upande, na hawajaniruhusu kulala sawasawa.

Yule bwana wa kwanza akaondoka, akaja mwingine. Mbiu ikapigwa kwamba vyeti vya zamani vyote vipelekwe Usumbura vibadilishwe. Sikwenda. Nilikuwa nimekikasirikia kile cheti kana kwamba ni mtu, kana kwamba ndicho kilichoketi ndani siku ile badala yangu. Nilikitoa mfukoni nikampa baba yako, akafungia tumbaku. Mfuko wa ngozi nikautia vijiti.

Tangu hapo nakwenda ninakoitwa. Nimevuka Murembwe, nimefika karibu na Nyanza, nimefika Gitaza mara nyingi, na mara ya kwanza nilikwenda kwa Kabura mwenyewe kumwangalia, akanipa ndagala kwa mkono wake mzima. Naivuka mito. Lile la tatu nalishika, na silishiki kwa ajili ya askari. Wakija watu wa Ubwari na habari ya mgonjwa, nawaambia mleteni, au nipakieni nivuke nanyi. Wengine huniletea. Wengine huondoka na hawarudi, na mimi sijui wagonjwa wao walikuwaje. Usiku fulani nawafikiria hao zaidi ya Alimasi.

Sasa kuhusu kazi yako. Unakwenda kwa sababu ya mjomba wako, najua, ingawa hukusema. Uliona alivyokuwa akisinzia na tonge mkononi, na yule mganga wa milimani akisema ni husuda, asionyeshwe mzungu, akamficha shambani mpaka tukamzika. Kwa hiyo sisemi Bwana Mganga ameota tu kwamba wapo wanaoficha. Wapo. Mmoja wao alikula sadaka zetu.

Ulipokuwa unajifunza ulipapasa shingo yangu pale barazani. Ulikwenda nyuma ya sikio, ukashuka taratibu, ukasimama mahali, ukarudi. Mimi niliogopa, sikukuambia. Niliogopa utapata shanga, vile vivimbe vya malale. Hukupata, ukasema, "Mama, uko salama," kwa sauti ya mtu mzima. Vidole vyako ni vizuri. Vinasikiliza. Ila una haraka ya kusema. Kaa mahali palepale mpaka ujue, na kama hujui, mwambie mtu hujui, kesho urudi umpapase tena. Na ukipangwa kivukoni, uwe kivukoni. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Na wakikuuliza nani anatibu Rumonge bila cheti, usiseme uongo kwa ajili yangu. Nimelifikiria kwa pande zote. Ukinificha mimi leo, kesho utamficha shangazi yako na chuku zake, naye hana madhara. Keshokutwa atakuja mtu mpole mwenye jogoo mkononi, na nyuma ya nyumba yake kuna mgonjwa anayesinzia na tonge mkononi. Utamwona huyo naye kama sisi. Lakini pia sitaki uwe wewe unayelitamka jina langu mbele ya yule bwana. Mama asimpe mtoto chaguo kama hilo, moja au jingine, kisha akae nyumbani anapika maharage.

Jana nilizungumza na baba yako. Alikuwa anafunga vibuyu vya mawese vya safari.

"Nataka kwenda Usumbura keshokutwa na Ramadhani," nikasema.

"Kumsindikiza?"

"Kumwona Bwana Mganga."

Akafunga kibuyu kimoja, akafunga cha pili. "Atakufunga."

"Huenda."

"Na ukinyamaza hapa, nani atakuja kukutafuta? Mwaka wa pili huu hajaja mtu."

"Ramadhani ndiye atakayekuja."

Akavipanga vibuyu ukutani. Kisha akasema, "Vaa nguo nzito. Asubuhi ziwani kuna baridi." Unamjua baba yako. Hiyo ndiyo idhini.

Kwa hiyo tutakuwa wote katika mtumbwi, na barua hii utaikuta juu ya kanzu yako ukiamka kwa sala. Naiandika kwa sababu ningekueleza kwa mdomo ungenikatiza, ungeniomba nibaki, na ningebaki. Tena kuna mambo siwezi kuyasema mbele ya wapiga kasia. Ukishaisoma, tusizungumze habari hii njiani. Tuzungumze mengine. Kuna vituko vya utoto wako karibu na Minago ambavyo bado sijakusimulia.

Nitakachomwambia yule bwana nimekiandaa. Nitamwambia nimefanya kazi bila cheti tangu vile vya zamani vilipoitwa, na nimevuka mito yote miwili. Nitamwambia kwamba lile la kutomtibu usiyemwona ni kweli na alifundishe kwa kila mtu, na nitamtajia Alimasi. Nitamwambia kwamba lile la mito si kweli, kwa sababu bega halijui limechomokea upande gani wa maji, na nitamtajia Kabura. Nitamwambia anipe karatasi inayosema naweza kwenda popote miguu yangu inapofika, nimguse mtu kwa mikono yangu, nisimtumie mtu yeyote maneno. Na nikikuta shingo yenye shanga wakati naunga mkono, nitasema. Nitamletea habari mimi mwenyewe.

Akikubali, vizuri. Akikataa, au akinifunga, baba yako anajua kupika na wewe utakuwa karibu. Nikitoka nitarudi kwenye kazi yangu, na utakapoulizwa tena utasema kweli tena. Sina njia nyingine niliyoiona. Labda wewe, ukishakaa huko, utaiona.

Naogopa, mwanangu. Nakuambia kwa sababu utaniona nimenyooka mgongo ukadhani siogopi. Naogopa ule ua wa boma, naogopa mkalimani, naogopa kwamba nitakapoanza kusema nitasahau na kuanza kulia kwa Kirundi. Lakini tangu juzi sijaweza kuketi mahali pamoja, na tangu jana jioni baba yako aliposema nivae nguo nzito nimelala mara moja bila kuota.

Tutakapokuwa mbele yake, wewe kaa na vijana wenzako, usije kusimama karibu nami. Akikuuliza huyu mwanamke ni nani, sema ni mama yako. Akikuuliza anafanya kazi gani, nyamaza. Hilo nitalijibu mimi.

Mama yako,
Tatu binti Sefu